Kamba hapana, fungu la kumi ndio? Njia nne za kusoma torati, chagua yako

Fungua Kumbukumbu la Torati mlango wa 14 uusome wote, usiruke. Aya ya 9 na ya 10 zasema cha majini unakula kile chenye mapezi na magamba, kisicho navyo ni najisi, kwa hivyo kwaheri kamba, kwaheri pweza, ngisi, kaa, chaza, na yule kambakoche anayewaletea wavuvi wetu pesa msimu wa watalii. Teremka mpaka aya ya 22, mlango huo huo, unaambiwa utoe fungu la kumi. Sasa niambie mhubiri wako huwa anakomaa na ipi kati ya hizo mbili, halafu niambie akialikwa kwa muumini mchana anawekewa nini mezani.

Sisemi kwa kejeli, mimi ni Anglikana na kamba wa nazi nakula vizuri tu. Lakini hapa Malindi swali hili halikwepeki manake watu twaonana tunachokula. Ploti moja ya kupanga unapata Mwislamu ambaye nguruwe hataki hata kumsikia lakini pweza kwake ni chakula cha fahari, madhehebu yake ya Shafii yamemhalalishia vya baharini zamani, mlango wa pili Msabato hagusi nguruwe wala pweza, wa tatu Mkatoliki wa kutoka bara anakula vyote viwili na jioni anateremka stendi kununua mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu. Wote watatu ukiwauliza wanamtaja Musa kwa heshima. Ndo vijana wetu wanauliza, kwani nyinyi wakubwa mnachagua chagua aya kwa kutumia nini?

Jibu la kweli ni kwamba kila Mkristo anachagua, hata anayeapa hachagui. Marabi walihesabu amri 613 kwenye torati na hakuna kanisa hapa Kenya linaloshika zote, hata lile lililo kali vipi. Kwa hivyo linalobaki ni kujua unachagulia na nini. Nimeona kuna njia kama nne, nitazieleza halafu nizipitishe kwenye mambo yale yale uone yupi anapenya na yupi anakwama.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni ya kugawa mafungu matatu. Thomas Aquinas aliipanga karne ya 13, Waanglikana tukaiweka kwenye kifungu cha 7 cha vile vifungu 39 vya mwaka 1571, Wapresbiteri wanayo kwenye Ungamo la Westminster la 1647. Sheria za maadili zinabaki, za ibada zilitimia kwa Kristo, za kiserikali zilikuwa za taifa la Israeli na zikaisha nalo. Usizini inabaki, kafara ya mbuzi imeisha, faini za ng'ombe aliyempiga mtu pembe zimeisha. Rahisi, unaweza kumfundisha mtoto wa kipaimara na akaelewa siku hiyo hiyo. Shida ni kwamba Biblia yenyewe haikubandika lebo. Soma Walawi 19: aya ya 18 mpende jirani yako, ya 19 usivae nguo ya nyuzi mbili zilizochanganywa, ya 28 usichanje chale kwa ajili ya wafu wala kujiandika alama mwilini, ya 34 mgeni umpende kama nafsi yako, ya 35 na 36 mizani yako iwe ya haki. Zimekaa pamoja kama watu kwenye matatu, hakuna aliyezitenganisha. Aliyezitenganisha ni sisi, baadaye.

Ya pili ni ile ya Agano Jipya tu. Wapentekoste wengi na Wabaptisti wengi wako hapa hata kama hawajaipa jina. Torati yote ilikuwa ya Wayahudi, Kristo ni mwisho wa sheria, Warumi 10:4, basi kinachotufunga ni kile Yesu na mitume walichokirudia. Marko 7:19 imevitakasa vyakula vyote, kesi imefungwa, lete kamba. Hii inapendeza manake haikusumbui kugawa gawa, ila ukiisukuma sana unafika kwa Marcion, yule aliyefukuzwa na kanisa la Roma mwaka 144 kwa kusema Agano la Kale ni la mungu mwingine.

Ya tatu ni ya Wasabato. Kanisa lao lilianzishwa rasmi 1863 kule Michigan na Kenya likaingia 1906 pale Gendia. Watu huwasema vibaya ati wako chini ya sheria lakini hoja yao ina akili kuliko wanavyopewa. Wanasema kafara na sikukuu zilikuwa kivuli, hizo wameacha kama sisi, lakini Sabato ipo kwenye Amri Kumi na ilikuwepo tangu uumbaji, na wanyama safi na wasio safi wametajwa kwa Nuhu, Mwanzo 7:2, kabla Musa hajazaliwa, sasa mbona useme ni mambo ya Wayahudi tu? Na ile shuka aliyoiona Petro kwenye maono pale Yafa imejaa wanyama, akaambiwa ale, Petro mwenyewe akaieleza kwenye Matendo 10:28 kwamba inahusu watu, asimwite mtu yeyote najisi. Jibu hilo si jepesi. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia nao nguruwe hawali na Jumamosi wanaiheshimu pamoja na Jumapili, na hao hawajafundishwa na Mmarekani yeyote.

Ya nne ni ya kuangalia sheria ilikuwa inaelekea wapi na ipi ina uzito. Yesu anaulizwa talaka, anasema Musa aliwaruhusu kwa ugumu wa mioyo yenu, lakini tangu mwanzo haikuwa hivo, Mathayo 19:8. Yaani ndani ya torati kuna mambo Mungu aliyavumilia akiwashika watu mkono. Na Mathayo 23:23 anawaambia Mafarisayo mnatoa zaka ya mnanaa na bizari mkaacha mambo makuu ya sheria, haki na rehema na imani. Kumbe kuna makuu na madogo. Njia hii inakupa nafasi ya kufikiri, na hapo hapo ndio hatari yake, manake barabara inaelekea wapi nani atasema? Mtu mjanja ataisimamisha pale nyumba yake ilipo.

Sasa tuzipitishe

Kamba ushaona: ya kwanza, ya pili na ya nne zinakula, ya tatu haili. Hina na piko za bibi harusi, ambazo hata Wakristo wa hapa wanapakwa, zote nne zaweza kuziacha zipite, ile aya ya chale na alama, Walawi 19:28, wanaweza kuisoma kwamba yote inaongelea desturi za wafu, na sidhani kuna mtu amewahi kupakwa piko kwa ajili ya maiti.

Mutura ndio kichekesho. Wale wa njia ya pili wanaosema sisi ni Agano Jipya tu, haya, Agano Jipya hilo hilo, Matendo 15:29, mitume na wazee pale Yerusalemu wanawaandikia Wakristo wasio Wayahudi wajiepushe na vitu vinne: vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama zilizonyongwa na uasherati. Damu! Imerudiwa na mitume kabisaa, na mutura ya damu inaliwa na watu waliokoka. Ukiwabana watakimbilia 1 Wakorintho 10:25 kwamba kila kinachouzwa sokoni kula usiulize ulize, sawa, lakini basi mbona uasherati haujaondolewa na aya hiyo hiyo? Hapo njia ya pili inalazimika kuazima kwa ya kwanza. (Nyama yetu ya buchani haina neno, wachinjaji wa hapa karibu wote ni Waislamu na damu inamwagwa, kwa hivyo Walawi 17 twaishika kila siku bila kujua.)

Fungu la kumi. Hapa niko na maneno mengi. Msabato anatoa na anajua kwa nini anatoa, hana shida. Wa njia ya kwanza anatakiwa akueleze ni fungu gani kati ya matatu, manake zaka ilikuwa ya kuwalisha Walawi wa hekaluni, hiyo ni ibada, na ilikuwa kama kodi, hiyo ni serikali, sasa imeingiaje kwa maadili? Wengi wanajibu kwa Ibrahimu na Melkizedeki, Mwanzo 14:20, hiyo ni kabla ya Musa, ambayo ni hoja ile ile ya Msabato kuhusu Nuhu na wanyama, lakini ya Msabato waliikataa. Na wa njia ya pili ndo wa kushangaza zaidi. Jumapili asubuhi hatuko chini ya sheria tuko chini ya neema, wakati wa sadaka Malaki 3 mnamwibia Mungu, ndani ya ibada moja. Mitume hawakuandikia kanisa lolote la mataifa litoe asilimia kumi, Paulo kwenye 2 Wakorintho 9:7 anasema kila mtu kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa. Ukitaka kuwa wa njia ya pili kweli, hubiri hiyo.

Na bado hawajausoma mlango wa 14 mpaka mwisho. Aya ya 24 mpaka 26 zasema njia ikiwa mbali uza zaka yako, chukua fedha, nenda mahali pale Mungu alipochagua ununue chochote roho yako inachotamani, ng'ombe, kondoo, mvinyo au kileo, ule na ufurahi wewe na nyumba yako. Kileo! Wazee wa mangweni wakiijua aya hii kanisa litajaa. Na aya ya 28 na 29, kila mwaka wa tatu zaka inawekwa malangoni mwenu, wale Mlawi na mgeni na yatima na mjane, wale washibe. Njia ya nne inashika hapo: inakuuliza pesa hii imemfikia mjane au imeishia kwa gari la mchungaji. Ukiniuliza mimi hilo ndo swali lenye nyama, asilimia ni ya kufuata.

Utumwa, kwa sababu tuko Malindi

Watu wa Ulaya wakijadili hili wanaliona kama la vitabuni. Sisi mji huu ulivyoinuka tena karne ya 19 mashamba ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria pwani ya Kenya mpaka 1907. Kuna familia zinajua nani alikuwa wa nani, haisemwi tu mezani.

Walawi 25:44 mpaka 46 inaruhusu kununua watumwa wa mataifa na kuwarithisha watoto wako. Kutoka 21:20 na 21, bwana akimpiga mtumwa na mtumwa akakaa siku moja au mbili kabla ya kufa, bwana haadhibiwi. Usiruke hizo aya ati zinaaibisha. Lakini kitabu hicho hicho cha torati kina Kutoka 21:16, anayemwiba mtu na kumuuza auawe, na Kumbukumbu 23:15 na 16, mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake akakukimbilia wewe usimrudishe, akae nawe mahali atakapochagua, usimwonee.

Sasa angalia Rabai. Wamisionari wa Anglikana walikuwa na kituo hapo, na 1875 wakaanzisha Freretown karibu na Mombasa kwa watu waliokombolewa. Watoro kutoka mashamba ya pwani wakawa wanakimbilia Rabai, mabwana wakaja juu wakitaka watu wao, na wakubwa wa Kiingereza hawakutaka ugomvi na mabwana hao. Wamisionari wakabaki kati. Mwishowe kampuni ya Kiingereza ikawalipa mabwana, na kufikia mwanzo wa 1889 zaidi ya watu elfu moja wakapewa hati za uhuru. Aya ile ya kutomrudisha mtoro ilikuwa wazi miaka yote hiyo.

Zipitishe njia. Ya kwanza inasema sheria za utumwa ni za kiserikali, zimeisha. Haya, zimeisha, lakini utumwa wenyewe ni mbaya au la? Kimya. Ya pili inaenda Agano Jipya inakuta Waefeso 6:5, enyi watumwa watiini mabwana zenu, na ndivyo walivyosoma Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walioanzisha ushirika wao 1845 wakitetea wenye watumwa, wakaomba radhi 1995, miaka 150 baadaye. Ya tatu, ambayo twaidharau kwa mambo ya pweza, hapa inatuacha mbali: Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa Wasabato, mwaka 1859 aliandika kwamba sheria ya Marekani ya kumrudisha mtumwa kwa bwana wake isitiiwe, na maneno yake yanafanana sana na Kumbukumbu 23:15. Yaani aliyeichukua torati kama amri hai ndiye aliyesimama na mtoro. Ya nne inafika pale pale kwa kuunganisha, mlikuwa wageni Misri, usimrudishe mtoro, mpaka Wagalatia 3:28 hakuna mtumwa wala huru, lakini tuwe wakweli, ilichukua karne nyingi Wakristo kuliona hilo.

Ndoa

Kumbukumbu 25:5 mpaka 10 inaamuru ndugu wa marehemu amwoe mjane aliyeachwa bila mtoto wa kiume, akikataa mjane anamvua kiatu mbele ya wazee na kumtemea mate usoni. Makanisa yetu yamekataza kurithi mjane, yaani yamekataza kitu torati imeamuru, na kwa kweli sina ugomvi na kukataza. Ugomvi wangu ni kwamba ile sheria ilikuwa na kazi, jina la marehemu na shamba lake visipotee na mjane asitupwe. Kanisa likaondoa desturi likaenda nyumbani, mashemeji wakabaki na shamba la minazi na mjane akarudi kwao na mabegi. Njia ya kwanza na ya pili zimeridhika, manake sheria imeisha. Ya nne inakwambia bado hujamaliza, mwenye shamba ni nani?

Wake wengi pia ni vizuri kujua kwamba jibu la kanisa halikukaa pahali pamoja. Torati ina sheria ya mtu mwenye wake wawili, Kumbukumbu 21:15, haimkemei, inamkataza tu kumnyima haki mtoto wa kwanza wa mke asiyependwa. Maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima, kwenye mkutano wao uitwao Lambeth, 1888 walisema mwenye wake wengi asibatizwe, 1988 wakaruhusu abatizwe na wake zake na watoto kwa masharti, mojawapo asiongeze mwingine. Na Waafrika, manake walikuwa wanaishi nalo, waliona kwamba kumfukuza mke wa pili ni kuvunja katazo la talaka la Mathayo 19 ili kutii ndoa ya mke mmoja ya Mathayo 19.

Walawi 18:22, ile ya mwanamume kulala na mwanamume, najua mwaisubiri. Wale wa kusema mnakula kamba basi hamwezi kuitaja aya hiyo, hoja hiyo inampiga tu asiye na njia. Njia ya kwanza inaiweka kwa maadili pamoja na zinaa ya ndugu iliyo mlango huo huo, ya pili inapata Warumi 1 na 1 Wakorintho 6, ya tatu haina shaka. Ya nne ndiyo watu wamegawanyika, kuna wanaosema Biblia haionyeshi mwelekeo wowote wa kuilegeza, tofauti na utumwa, na kuna wanaosema walichokemea mitume ni kitu kingine. Waanglikana dunia nzima wamepasukia hapo. Na hata ukiwa na uhakika wa jibu, Walawi 19:34 na amri ya jirani hazijaenda popote, kumpiga mtu au kumfukuza kwa nyumba hakuna njia hata moja kati ya nne inayokuruhusu.

Nani achague ipi

Huku kwetu hili si zoezi la kupitisha wakati. Msitu wa Shakahola, hapa Kilifi, 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga mpaka kufa, na watoto. Ya korti niwachie korti. Ninachosema ni kwamba torati yote kwa mwaka mzima imeamuru siku moja tu ya kujitesa nafsi, Siku ya Upatanisho, Walawi 16:29. Moja. Na Walawi 18:5 inasema mtu azitende amri hizi aishi kwazo, walimu wa Kiyahudi wakatoa hapo kwamba kuokoa uhai kunaivunja hata Sabato, Yesu naye akasema Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu. Muumini yeyote mwenye njia yoyote kati ya hizi nne angekuwa na mahali pa kushika breki.

Kwa hivyo kama wewe ni mtu wa kupenda mambo yaeleweke nyumbani, watoto wajue hiki twala hiki hatuli na mbona, njia ya tatu itakufaa na usiogope vicheko. Kama una kanisa lenye ungamo lililoandikwa na wazee wa kuuliza, ya kwanza inakutosha, ila usome Walawi 19 yote kwanza. Ya pili siwezi kuisifia sana, si kwamba ni ya uongo, ni kwamba nimeona inavyotumika, inafuta kile kisichotakikana na ikihitaji pesa inarudi nyuma kuchukua. Mimi nimekaa na ya nne, kwa masharti mawili: mwelekeo nionyeshwe ndani ya Biblia, si kwenye gazeti, na mara moja moja initoe kitu ninachokipenda. Mke ni wa Sabato mume ni Katoliki? Warumi 14:21, anayekula ndiye anayeacha akiwa mezani na mwenzake, si yule asiyekula ndiye wa kulazimishwa.

Kipimo kizuri cha mwisho, mpelekee mchungaji wako swali la riba. Kutoka 22:25, Walawi 25:36, Kumbukumbu 23:19, Zaburi 15:5, Ezekieli 18, na Luka 6:35 kopesheni bila kutumaini kupata kitu, hiyo ni Agano Jipya tena mdomoni mwa Yesu. Baraza la Nikea 325 liliwakataza makasisi, Papa Benedikto wa 14 bado aliikemea 1745. Kalvini, yule mwanamageuzi wa Kiprotestanti, ndiye aliyelegeza, na hata yeye alisema maskini usimtoze. Halafu angalia chama cha akina mama wa kanisa kinachotoza asilimia kumi kwa mwezi kwa mama aliyekopa akazike mtoto, na mweka hazina ndiye anayefungua ibada kwa maombi. Muulize hiyo iko fungu gani, mitume waliifuta wapi, na usikubali akujibu kwa aya ya kamba.